Majani Juu ya Baba

Lubumbashi, Kamalondo
Tarehe 18 mwezi wa sita, 2024

Kwa yaya Donat, kaka yangu mkubwa,

Faustin amefika salama na lori lake la samaki, na barua yako ya Pasaka inanuka ndagala mpaka leo. Mama hajali. Alinikalisha, nikamsomea mara mbili kwa sauti, halafu akaiweka chini ya mto wake kama zile nyingine. Nikimwambia tukupigie simu, anasema simu ya Moba haina mtu ndani, ina upepo tu, na kwamba neno la barua hata ukilisikia vibaya linakungoja ulirudie. Basi tutaendelea kuandikiana kama watu wa zamani, mimi mshonaji nisiyependa kalamu na wewe mwalimu unayeipenda kupita kiasi.

Sasa nikueleze kilichotupata. Jumamosi Kalaba, kiongozi wa kwaya ya huko kwetu Moba, alipita hapa akitoka kwenye arusi ya mpwa wake. Alikula bukari, ugali wetu, akasifu samaki, akatoa simu yake amwonyeshe Mama picha za nyumbani. Kanisa, soko, mitumbwi. Kisha makaburi. Yaya, Baba yetu amezama katika majani. Kilichobaki nje ni kichwa cha msalaba, na hata hicho kimepandwa na mmea wa kutambaa wenye maua ya zambarau.

Mama aliisogeza simu karibu na macho, akamrudishia Kalaba, akasema: "Godefroid iko mu majani kama muntu hana batoto."

Usiniambie hujui aibu yake. Tarehe moja ya mwezi wa nane, siku ya wazazi, asubuhi tunawafagilia waliolala, jioni tunawalisha walio hai. Hapa kwetu siku hiyo barabara za makaburini zinajaa majembe na mifagio, na kaburi lenye majani watu wanalipita huku wakilihurumia. Na wewe uko huko huko, unaweza kwenda kumwona Baba ukiwa bado na chaki mkononi.

Mama anataka kuzikwa kando yake. Amesema hivyo tangu siku tulipomzika Baba, na hajabadilisha hata neno. Jana ameongeza kwamba hataki kulala porini. Nijibu kitu ninachoweza kumsomea.

Mdogo wako,
Edith

---

Moba
Tarehe 7 mwezi wa saba, 2024

Kwa Mama, na kwa mdogo wangu Edith,

Nawasalimu. Mimi ni mzima, shule imefungwa, samaki wapo. Ziwa ni tulivu.

Mama, nakuomba usimhukumu mwanao kwa picha ya Kalaba. Kalaba hupiga picha huku anatembea, na mdomo wake hutembea pia. Baba hajatupwa. Napita kwake karibu kila siku nikitoka darasani, namwamkia, namwambia habari za watu wa Lubumbashi. Majani yale yana sababu yake.

Sababu yenyewe siwezi kuiandika. Edith, utanielewa: najua barua zangu zinasomwa kwa sauti. Kuna binti anaitwa Mounira, anasoma chuo kikuu hapo Kasapa, alikaa huku kwetu majira yote ya mvua. Atakuja kwako na kitambaa cha kushona, na atakueleza kila kitu kwa mdomo. Mpokeeni vizuri. Alinitolea mzigo ambao nilikuwa nimeubeba peke yangu tangu zamani.

Kesho kutwa napanda mashua kwenda Kalemie kwa mafunzo ya walimu, nitarudi katikati ya mwezi wa nane. Kwa hiyo siku ya wazazi sitakuwepo. Msiwe na wasiwasi. Baba haumizwi na majani.

Mwanao na kaka,
Donat

---

Lubumbashi, Kamalondo
Tarehe 20 mwezi wa saba, 2024

Yaya Donat,

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kumbe ndiyo habari yenyewe! Mwanamume amekaa bila mke mpaka mvi zimeanza kumtembelea, tumechoka kumwombea novena, kisha anatuandikia kwamba binti amemtolea mzigo na kwamba mengine hayaandikiki. Niliposoma hapo Mama alinisimamisha, akaomba nirudie. Nikarudia. Akauliza huyo Mounira ni wa wapi. Nikamwambia kwa jina hilo lazima ni Mwislamu, labda wa Maniema. Akasema Mungu ni mmoja na yeye anataka mjukuu.

Basi binti hajafika bado, lakini tumeshapaka rangi mlango.

Kuhusu Baba usijisumbue tena. Tumeelewa kwamba mtu mwenye mambo ya moyoni husahau jembe, na tumekusamehe. Nimelimaliza mwenyewe. Kalaba anarudi leo na lori la Faustin, na amemwahidi Mama kwamba kwaya nzima itaingia makaburini asubuhi ya tarehe moja. Hawatamsafisha Baba peke yake, watasafisha mistari yote, mpaka chini kule maji yanapoanza, ili Godefroid alale mahali pa watu. Mama amempa Kalaba mifagio mipya na nusu gunia la unga wa kulisha waimbaji. Amefurahi. Ana wiki nzima anaimba mle jikoni.

Usinishukuru. Ndiyo kazi ya mdogo.

Edith

---

Moba
Tarehe 19 mwezi wa nane, 2024

Kwa Mama na Edith,

Nimerudi kutoka Kalemie na kuikuta barua yenu mezani.

Nimekwenda kwa Baba. Ni safi. Hakuna jani hata moja, mchanga umefagiliwa mpaka alama za mifagio zinaonekana, msalaba umeoshwa. Kwaya imefanya kazi kubwa. Wamekata hata matete ya ufukweni, na zile fito zilizokuwa zimesukwa pale wamezipikia bukari. Kila mtu ananiambia kaburi la Baba yetu limependeza.

Mama, ahsante kwa moyo wako.

Upepo wa kiangazi ni mkali mwaka huu. Mounira akifika, Edith, msikilize mpaka mwisho.

Donat

---

Lubumbashi, Kamalondo
Tarehe 15 mwezi wa tisa, 2024

Yaya,

Nimekaa na kalamu hii nikiwa na hasira nawe na hasira na mimi mwenyewe, na sijui ipi ianze.

Mounira amekuja. Ni binti mwembamba, mcheshi, ana mchumba wake huko mjini Kindu ambaye Mama amelazimika kuonyeshwa picha yake mara mbili ili akate tamaa. Alileta kitambaa cha kijani, nguo ya siku atakayoitetea kazi yake ya chuo. Nikampima huku anaongea. Nikamuuliza kwa utani ni nini hicho alichofanya huko Moba hata kaka yangu akashindwa kukiandika. Akasema kwa urahisi tu, mikono ikiwa juu ili nimpime kifua: tulikuwa tunapanda majani kwenye makaburi.

Tepu ya kupimia ilinianguka.

Alinieleza yote. Ziwa limekuwa likipanda miaka hii, na mistari miwili ya makaburi ya mbele imekwenda na maji. Baba yetu, ambaye tulimzika mstari wa tatu, sasa ndiye wa kwanza. Watu wa bandarini walijenga ukuta wa mawe mbele ya duka lao, mawimbi yakauchimba miguu mpaka ukalala kifudifudi, na mchanga wa majirani ukaondoka nao. Ndipo wewe, na Mounira, na wanawake wanaoanika ndagala, mkaanza njia nyingine: matete mahali maji yanapogusa nchi ili wimbi lifike limechoka, uzio wa fito na matawi wa kuushika mchanga unaopeperushwa, na yale maua ya zambarau juu ya makaburi kwa sababu mizizi yake inatambaa na kushona mchanga. "Kama wewe na uzi wako, Mama Edith," akaniambia. Mwaka huu maji yalipopanda kuliko wakati wote, yaliingia kwenye matete na yakarudi. Baba alibaki.

Nasi tukatuma kwaya nzima na mifagio.

Yaya, kwa nini hukuandika? Ulidhani Mama ni yai? Mistari miwili! Shangazi Léa alikuwa mstari wa pili, na mimi mwezi wa kumi na moja wote nilikuwa namwombea nikimfikiria pale chini ya msalaba wake mweupe. Nililia mbele ya mteja. Mounira maskini hakujua kama hayo yalikuwa siri.

Na Mama alikuwa wapi? Nyuma ya pazia, kwenye mbabula yake, anapuliza makaa. Alitoka polepole akakaa kwenye kiti cha wateja. Aliuliza jambo moja tu: "Maji iko mbali namna gani na mume yangu?"

Mounira akamwambia kwamba si mbali. Hakumdanganya, nikampenda kwa hilo.

Mama hakulia. Alianza kusimulia kambi ya mgodi kule Kambove, walipokuwa vijana na Baba anashuka chini ya ardhi kila siku. Kulikuwa na mkaguzi wa kambi, anapita nyumba kwa nyumba na fimbo yake. Akiona jani uani kwako unaadhibiwa: majani ni nyoka, majani ni mbu, majani ni uvivu. Kwa hiyo wake wa kambi walifagia kabla ya jua, wakafagia tena kabla ya mkaguzi, na mama zetu wakatufundisha sisi, na sisi tukaupeleka ule mfagio mpaka makaburini. Mama alicheka peke yake. Akasema Baba alikuwa akitoka shimoni amechoka kufa, bado anakaza macho kuangalia kama kuna jani karibu na mlango. Kisha akaniambia niandike hivi hivi kama alivyotamka:

"Godefroid aliogopa ule mukaguzi maisha yote. Sasa alale mu majani. Hakuna muntu wa kumupigia kelele."

Nimeandika. Tuambie kaburi liko namna gani. Na mara hii tuambie kweli.

Edith

---

Moba
Tarehe 10 mwezi wa kumi na moja, 2024

Mama yangu mpendwa, na Edith,

Haya, kweli.

Upepo wa mwezi wa tisa uliuchukua mchanga wa juu ya Baba. Ulikuwa mtupu, hakuna cha kuushika. Msalaba uliegemea kushoto, na mguu wake ukawa nje mpaka kiungo. Nilimwaga mchanga kwa ndoo jioni, asubuhi nikaukuta umehamia kwa jirani. Sikuwaandikia kwa sababu niliona haya. Mwalimu mzima nimeshindwa kuandika sentensi moja nyepesi: msiguse majani, nimeyapanda mimi. Nilitaka kumfichia Mama maji, nikaishia kuyafungulia njia.

Kuhusu shangazi Léa, nilikuwepo siku ile. Maji hayakuja kwa kishindo. Ufuko ulilegea tu, na msalaba wake ukaenda ukisimama wima mpaka mbali, mweupe vile vile. Wanawake wa ndagala walivua vilemba vyao. Nilisema sala niliyoijua. Niliwaza kwamba siku nikiwaeleza nitawaeleza uso kwa uso, si kwa karatasi.

Sasa mazuri. Mvua zimeanza, na tumepanda upya. Mizizi mingine ilibaki chini ya mifagio na imechipua yenyewe, haina kinyongo. Wanawake wamehamishia ndagala zao kwenye vichanja vya miti, hawaaniki tena chini, kwa hiyo ufuko hakuna anayeufagia. Wafyatua matofali wamekubali kuchukua mchanga mtoni, si hapa, baada ya maneno mengi na pombe kidogo. Magugu maji yanayotupwa na wimbi tunayaacha yaoze pale pale, yanalisha matete. Msalaba nimeunyoosha.

Linalonisumbua ni tarehe moja ya mwezi wa nane mwakani. Nimezungumza na Kalaba. Ameumia, na ana haki. Alifanya wema akaja kuambiwa ni uharibifu. Aliniambia: "Mwalimu, minasikia mambo ya mizizi. Lakini bantu bakipita, batajua namna gani kama ile majani ni mapendo, haiko uvivu?"

Anasema kweli. Hakuna familia itakayokubali marehemu wao aonekane hana mtu. Watang'oa, hata nikisimama pale na fimbo. Na mimi sitaki kuwa mkaguzi mpya.

Wenu,
Donat

---

Lubumbashi, Kamalondo
Tarehe 23 mwezi wa pili, 2025

Yaya Donat,

Barua yako ilikwama njiani Pepa wiki nyingi kwenye matope pamoja na Faustin, ndiyo maana nimechelewa. Faustin anasema alikula nusu ya mzigo wake wa samaki, na tumbo lake linathibitisha.

Nilimsomea Mama mpaka mwisho, na pale pa msalaba wa shangazi Léa kwenda wima aliniomba nirudie. Alisema Léa hata hai hakukubali kuinama mbele ya mtu. Tukacheka, halafu tukalia, halafu Mama akataka chai.

Neno la Kalaba ndilo lililomkaa moyoni. Siku zilizofuata nilimkuta anafungua sanduku lake la chuma na kulifunga. Mwisho akatoa kitenge chake cha samawati chenye ndege, kile alichovaa siku Baba alipoachana na mgodi wakapanda treni kurudi kwao kaskazini. Unakikumbuka, hatujawahi kuruhusiwa hata kukikunja. Akakitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, akasema nikate vipande virefu vya upana wa kiganja.

Niligoma. Nilimwambia nitanunua kitambaa kipya, kizuri. Akajibu kwamba kitambaa kipya hakimjui Baba.

Nikakata, yaya. Mkasi haujawahi kunilemea hivyo. Nimepinda pindo pande zote ili upepo usivichane, na kila kipande nimekishonea vitanzi viwili vya kufungia kwenye fito. Mama anasema uvifunge kuzunguka majani ya Baba, pande nne, mahali watu wanapopita. Atakayepita ataona majani, ataona na kitenge cha mke wake, atajua kuna mtu. Majani yasiyo na kitambaa ni pori. Majani yenye kitambaa ni kaburi la mwenye watoto.

Nilidhani hayo yataishia nyumbani kwetu. Lakini Mama alikwenda kanisani Jumapili akakaa na wanawake wa Moba waliohamia huku, na Jumatatu mlangoni kwangu palikuwa na foleni. Kila mmoja na kitenge chake. Mmoja ameleta shati la kazi la babake, bado lina alama ya kuungua. Godefroid wa karakana ya treni, yule mwenye jina moja na Baba, ameleta bendera ya timu ya mpira ambayo marehemu kaka yake alikuwa akiililia kila Jumapili. Nashona bila kuwatoza, nikilalamika kwa sauti ili wasikie. Faustin ataleta gunia zima, na mkungu wa maneno.

Mounira alitetea kazi yake Kasapa, akapita vizuri. Nguo ilimkaa. Mama alikaa mstari wa mbele na kupiga vigelegele mahali pasipofaa.

Jambo jingine. Unajua ukuta wetu wa nyuma, ule mvua inaochimba kila mwaka? Mama ameacha kufagia pale. Juzi nilimkuta amechuchumaa na kisu, anapanda kipande cha majani alichokitoa kando ya reli. Nikamwambia mkaguzi atakuja. Akasema amkute.

Edith

---

Moba
Tarehe 5 mwezi wa nane, 2025

Mama, Edith,

Nimengoja siku ya wazazi ipite ndipo niandike, nisije nikajisifu mapema.

Kwanza ziwa. Mwezi wa nne maji yalipanda tena. Nilikwenda kila asubuhi, sikuwaandikia kwa sababu nilikuwa naogopa, naweza kukiri sasa. Yaliingia kwenye matete, yakazunguka humo kama mtu anayetafuta mlango, yakakaa. Yalipoondoka yaliacha mchanga badala ya kuuchukua. Mbele ya Baba leo pana ufuko mpana kiasi kwamba bata wamehamia. Uzio wa fito umefunikwa karibu wote, tumesuka mwingine juu yake.

Sasa tarehe moja. Watu walikuja asubuhi na majembe kama kawaida, wamevaa vizuri. Nilikuwa nimefunga vitambaa vyote jana yake pamoja na wanawake wa ndagala, na kwa kweli nilikuwa na hofu kwamba wataona ni uchawi. Walisimama pale kwenye njia. Makaburi yote ya mbele yalikuwa ya kijani na zambarau, na katikati vitenge vinapepea, kila kimoja na rangi yake. Mzee mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye lile shati la kazi, akalishika mkono wake, mkono wa shati ninamaanisha, akasimama hivyo muda mrefu. Wengine walianza kuuliza vitambaa vinapatikana wapi. Wanawake wawili walifungua vilemba vyao wakavifunga hapo hapo, wakaenda nyumbani vichwa wazi.

Kalaba ndiye aliyenishangaza. Kulikuwa na familia kutoka Kirungu isiyojua chochote, kijana wao akainua jembe juu ya kaburi la jirani. Kalaba alimshika kiwiko kwa upole, kama anavyomrekebisha mwimbaji aliyeanza vibaya, akamwonyesha kitenge kilichofungwa pale. Akamwambia: "Acha, mutoto. Iko na benyewe. Angalia kikwembe."

Kisha kwaya ikaimba. Hakuna aliyefagia. Wale waliokuja na mifagio walishindwa kujua waiweke wapi mikono yao, mpaka mmoja akaamua kubeba maji ya kumwagilia, na wote wakamfuata.

Mama, kitenge chako chenye ndege kinaonekana kutoka ziwani. Wavuvi wanasema wanakitumia kujua mahali pa kuegesha.

Donat

---

Lubumbashi, Kamalondo
Tarehe 30 mwezi wa nane, 2025

Kwa mwanangu Donat,

Hii ni mimi Mama Madeleine, Edith anaandika tu. Nimemkataza kunyoosha maneno yangu lakini namwona ananyoosha.

Nimesikia barua yako. Nimeifanya isomwe mpaka Edith amekauka koo. Nimefurahi. Sina kingine cha kusema juu ya Baba yako, yuko vizuri kuliko mimi ninayelala karibu na cherehani.

Sasa sikiliza agizo langu. Kando ya Baba, upande wa mkono wa kulia, pana mahali pangu. Bado ni mchanga mtupu, nimeuliza Faustin ameniambia. Mvua ya kwanza ikianguka, panda na upande wangu. Yale yale ya maua ya zambarau, nayapenda. Siku yangu ikifika usiyang'oe. Mounira ameniambia inawezekana: yakatwe kwa koleo pamoja na udongo wake, vipande vipande, yawekwe kando kivulini, na mkishanifunika yarudishwe juu yangu kama blanketi, mwagilieni. Yatashika tena. Nimejaribu hapa nyuma ya nyumba, yameshika.

Kitambaa changu cha kufunga Edith anakijua. Ni gauni lake la kwanza alilolishona vibaya, mikono miwili ya kushoto. Nimelitunza.

Sitaki nije nikute mchanga mtupu na watu wanakimbizana na ndoo. Nataka nikute mahali tayari. Usicheleweshe.

Mama yako

(Yaya, nimelia tena juu ya karatasi, ndiyo maana hapo chini wino umetapakaa. Yeye anakula karanga na kunicheka. E.)

---

Moba
Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili, 2025

Mama,

Nimepanda. Kalaba alinisaidia kuchimba, wanawake wa ndagala walileta miche kutoka juu ya Baba mwenyewe, kwa hiyo ni mizizi yake inayohamia kwako. Imeshika. Wiki hii ua moja limefunguka, sijui haraka yake ni ya nini.

Lakini nimeuliza wanaojua, Mama, na Mounira ameniandikia hivyo hivyo: kuchipua ni jambo moja, kushika ni jingine. Mizizi hii ili ibebe mtu inataka miaka, na miaka mingi, wala haipendi kusukumwa.

Kwa hiyo naomba usije kwanza. Mahali pako hapajawa tayari.

Mwanao,
Donat